Siku ya Saketi Inayostahili Nauli Yako

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni kijana wa Kiembesamaki, Unguja, mpenzi wa magari, nami nina Subaru Impreza. Kaka yangu anayeishi Northampton amenialika Uingereza mwakani na anataka tulipie siku moja ya kuendesha gari kwenye saketi (uwanja wa mbio za magari) ya Silverstone. Binamu yangu wa Dubai ananiambia nisipoteze pesa kwa mvua za Uingereza, niende kwake. Marafiki zangu wa hapa wanasema tuweke koni kwenye kiwanja, hayo mengine ni maringo tu. Mimi si mtu wa mashindano. Je, mtaalamu, ni kitu gani kinachoifanya siku kama hiyo istahili nauli na ada yake, na nitakijuaje kabla ya kulipa?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mdogo wangu. Umeniletea majina matatu ya mahali, nami nakuomba uyaweke kando kwa muda, kwa sababu jina la mahali halimfundishi mtu kuendesha. Siku ya saketi mimi huipima kwa mambo mawili kabla ya mengine yote: ni dakika ngapi hasa utakazoendesha ukiwa na njia tupu mbele yako, na ni nani atakayekaa kiti cha pembeni katika dakika hizo. Ukiyajua hayo mawili, utaweza kuilinganisha Silverstone na kiwanja chochote cha Unguja kwa mizani moja.

Siku yenyewe, kwa wasomaji wasioijua, si mashindano. Mwandaaji hukodi saketi kwa siku nzima au nusu siku, watu wa kawaida wenye leseni halali hulipa ada, wakaingia na magari yao au ya kukodi, wakaendesha kwa mwendo ambao barabarani ungewapeleka mahakamani. Hakuna mshindi, na kwa kawaida hakuna ruhusa hata ya kupima muda wa mzunguko, kwa sababu saa ikishaanza kuhesabu, shughuli hugeuka kuwa mashindano mbele ya bima, na mashindano yana leseni zake na vibali vyake. Nikiona tangazo la siku ya watu wa kawaida linaloahidi zawadi kwa atakayekwenda kasi kuliko wenzake, silisomi mpaka mwisho.

Sasa tuhesabu dakika. Waandaaji wengi hugawa madereva katika makundi matatu, yaani wageni, wa kati na wazoefu, na kila kundi hupewa dakika 20 katika kila saa. Tangazo litasema siku inaanza saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, nawe utadhani umenunua saa nane. Toa saa moja ya chakula cha mchana, ambapo saketi nyingi za Uingereza hunyamaza. Toa mkutano wa asubuhi na mizunguko ya kuonyeshwa njia. Zinabaki saa sita hivi, yaani vipindi sita vya dakika 20, ambavyo jumla yake ni saa mbili. Silverstone ina urefu wa kilomita 5.891. Mgeni anayekwenda wastani wa kilomita 120 kwa saa huizunguka kwa karibu dakika tatu, hivyo kipindi kimoja kinampa mizunguko sita, na katika hiyo wa kwanza ni wa kupasha moto tairi na breki, na wa mwisho ni wa kuzipoza. Imebaki minne. Gari la mtu likitoka njiani na kukwama kwenye kokoto, bendera nyekundu hupandishwa, wote hurudi ndani, na dakika zilizopotea hafidiwi mtu.

Upo mfumo mwengine ambao mlango wa kuingilia njiani huachwa wazi siku nzima, kila dereva akaingia na kutoka apendapo, ili mradi idadi ya magari yaliyomo isizidi kiwango kilichowekwa. Kwa mzoefu huo ndio bora, kwani hupata muda mwingi zaidi na huamua mwenyewe lini breki zake zipumzike. Kwa mgeni una ila moja kubwa: nyuma yako atatokea mtu mwenye gari lililovuliwa viti na kuvishwa tairi za mbio, na nusu ya akili yako itabaki kwenye kioo mpaka siku iishe. Kwa hiyo siku yako ya kwanza ningependa iwe ya makundi, au ile ya wageni watupu ambayo baadhi ya waandaaji huitenga. Uliza kabla ya kulipa: magari mangapi huruhusiwa njiani kwa wakati mmoja, na walioandikishwa kwa siku hiyo ni wangapi? Mwandaaji makini anazo tarakimu hizo kichwani. Anayekujibu kwamba "nafasi ipo ya kutosha" hajakujibu.

La pili ni mkufunzi, na hapa ndipo watu wanapobana pesa pasipofaa kubanwa. Mtu atalipa ada ya uwanja, atanunua glavu na miwani ya jua, kisha ataona dakika 20 za mwalimu ni ghali. Matokeo yake huyarudia makosa yake ya barabarani kutwa nzima, ila kwa kasi kubwa zaidi, na jioni anaondoka akiwa ameyakomaza.

Mgeni akikaribia kona kwa kilomita 140 kwa saa, macho yake huganda kwenye lami iliyo mbele tu ya boneti. Kwa kuwa haoni kona inakoishia, hufunga breki kwa kuchelewa, na kwa kuwa amechelewa, hukata usukani huku mguu ungali kwenye breki. Mkufunzi mzuri hasemi mengi wakati huo, kwani maneno mengi hayana pa kuingia. Husema "macho", na kidole chake kinaelekea kule njia inakotokea, mbali upande wa dirisha la dereva. Dereva akigeuza kichwa kufuata kile kidole, mikono yake hufuata yenyewe bila ya kuambiwa. Mzunguko unaofuata mwalimu husema neno la breki peke yake: ikanyage mapema, kwa nguvu, gari likiwa limenyooka, kisha iachie polepole kadiri usukani unavyozidi kukatwa. Wa tatu ni mafuta: usiyaguse mpaka uione njia ya kutokea. Mambo hayo matatu yakikaa mwilini, ada imerudi.

Sababu yake ni ya kimaumbile, na inafaa uijue kabla ya kwenda. Tairi ina kiasi kimoja tu cha kuishika lami, na kiasi hicho hugawanywa baina ya breki, usukani na mafuta. Ukikitumia chote kwa breki, hakibaki cha kukatia kona. Uzito nao hauhami kwa amri. Ukifunga breki unakwenda mbele, ukikanyaga mafuta unarudi nyuma, ukikata kona unalalia tairi za nje, na ukifanya lolote katika hayo kwa ghafla, gari hufanya kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani kisha akaitwa jina lake kwa nyuma. Jambo jengine ambalo madereva hawalijui mpaka walione kwa mguu wao ni hesabu ya mwendo: ukitoka kilomita 60 hadi 120 kwa saa, mwendo umekuwa mara mbili, lakini umbali ambao gari huuhitaji mpaka lisimame tangu breki ziliposhika huwa karibu mara nne. Mtu aliyelionja hilo mahali ambapo kosa lake linaishia kwenye majani, hataliangalia tena kwa jicho lile lile gari la ng'ombe linalotokea kwenye kona ya barabara ya Makunduchi.

Nchini Uingereza, wakufunzi wa aina hii mara nyingi huwa wamesajiliwa kwa utaratibu wa ARDS, ambacho ni chama cha skuli za udereva wa mbio. Uliza hilo, na uliza pia kama mwalimu mmoja atakuwa nawe katika vipindi viwili vilivyoachana, asubuhi na alasiri. Kipindi cha asubuhi peke yake hakitoshi, kwa sababu makosa mazito huja baada ya chakula cha mchana, wakati dereva ameanza kujiamini na mwili umeanza kuchoka. Nikipewa nichague baina ya siku nzima bila ya mwalimu na nusu siku yenye mwalimu, nachukua nusu siku bila ya kusita.

Nidhamu ya uwanja unaweza kuipima kwa mkutano wa asubuhi. Mkutano wa maana ni wa lazima kwa kila dereva, na asiyehudhuria hapewi utepe wa mkononi wa kumruhusu kuingia. Humo huelezwa bendera: ya njano ni hatari ipo mbele, punguza mwendo na usimpite mtu; nyekundu ni kipindi kimesimamishwa, rudi ndani kwa mwendo wa pole; buluu ni nyuma yako yupo mwenye kasi zaidi; nyeusi ni ingia ndani, wasimamizi wana maneno nawe; yenye mistari ya njano na nyekundu ni lami inateleza, huenda imemwagika oili; na ya mirabaraba ni kipindi kimekwisha. Huelezwa vile vile kupishana: ni kwenye sehemu zilizonyooka tu, upande mmoja uliotajwa, na kwa ridhaa ya anayepitwa, ambaye huonyesha kwa taa au kwa mkono. Kupishana ndani ya kona hakuna. Baada ya mkutano, wote huzungushwa mizunguko miwili au mitatu nyuma ya gari la uwanja, polepole, ili waone vibanda vya wenye bendera viko wapi. Mkutano ukichukua dakika tano na nusu yake ikawa ni matangazo ya fulana, hiyo si siku ya kumwamini mtu usiyemjua aje nyuma yako kwa kilomita 160 kwa saa.

Sasa turudi kwenye yale majina, kwa kuwa uwanja nao una tabia yake. Silverstone ilikuwa uwanja wa ndege wa kijeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na tarehe 13 Mei 1950 ndipo palipofanyika shindano la kwanza la ubingwa wa dunia wa Formula One. Ni tambarare, ni pana, na pembeni pana nafasi ya kutosha ya gari kupotea bila ya kugonga kitu, hivyo kwa usalama sina la kuilaumu. Ila kona zake za kasi ni za kasi kweli, na mgeni hawezi kuzifaidi. Hulipia jina, akaendesha robo ya kile ambacho uwanja unaweza kumpa. Si mbali na Northampton upo pia Bedford Autodrome, uliojengwa ndani ya uwanja wa zamani wa ndege wa Thurleigh, ambao unasifika kwa nafasi pana za kupotelea na kona za kila namna. Ukiikuta siku ya wageni pale, au kwenye uwanja wa mfano wake, mimi ningeitanguliza mbele ya Silverstone, na kaka yako asione vibaya. Kinyume chake ni Cadwell Park, kule Lincolnshire, njia nyembamba inayopanda na kushuka, yenye majani na vizuizi karibu sana na lami. Ni uwanja mtamu mno, lakini si wa siku ya kwanza.

Kaka yako huenda siku moja akakutajia Nürburgring ya Ujerumani, kwa hiyo nitangulie. Ile njia ya kaskazini, iliyofunguliwa mwaka 1927, ina urefu wa kilomita 20.832, na siku zinapofunguliwa milango kwa umma huhesabiwa kuwa barabara ya kulipia, chini ya sheria za kawaida za usalama barabarani. Maana yake utakutana humo na magari ya familia, na watu waliokwishaizunguka mamia ya mara, wote katika njia moja, wala hakuna mkutano wa asubuhi. Kona ni nyingi kiasi kwamba mgeni hana hata nafasi ya kuirudia kona moja akajifunza nayo. Hilo la kurudia ndilo linalofundisha, na ndiyo sababu saketi fupi humfaa mgeni kuliko ndefu.

Binamu yako hajakosea kabisa. Dubai Autodrome, iliyofunguliwa mwaka 2004, na Yas Marina ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2009 na yenye taa za kuendeshea usiku, ni viwanja vizuri. Ila tarehe ndiyo inayoamua. Kuanzia Mei hadi Septemba joto la mchana kule mara nyingi hukaribia au kupita nyuzi 40, na gari la kawaida likiendeshwa kwa nguvu katika hali hiyo huanza kuchemka kabla dereva hajachoka, kwa hiyo utakuwa unalipia muda wa kuliangalia gari likipoa. Nenda baina ya Novemba na Machi, jioni. Ama mvua ya Uingereza anayokutishia nayo, mimi naihesabu kuwa ni zawadi kwa mwanafunzi: lami ikirowa, tairi huachia kwa mwendo mdogo na kwa upole zaidi, nawe unayaona kwa mwendo mdogo mambo ambayo kwenye lami kavu yangekutokea kwa mwendo mkubwa zaidi. Popote utakapokwenda, usiweke siku hii ndani ya Ramadhani. Kutwa nzima ndani ya kofia ngumu na nguo za mikono mirefu kunahitaji maji, na kichwa kilichokauka huchelewa kuamua.

Kuhusu gari nitapita haraka, maana Impreza yako haitavuka bahari. Gari la kukodi kwa mtalii usilipeleke saketini, kwani mikataba ya kukodi kwa kawaida inakataza, na bima ya kawaida ya barabarani nayo kwa kawaida haigusi uharibifu wa humo. Kodi gari lililotayarishwa kwa kazi hiyo, na kabla ya kutia saini soma ni kiasi gani utakachodaiwa ukiligonga, na kama uharibifu wa vizuizi vya uwanja nao ni juu yako. Tairi, pedi na petroli zimo katika bei au utatozwa kando? Hapo ndipo siku iliyoonekana rahisi hugeuka kuwa ghali. Ukitumia gari la kaka yako, apige simu uwanjani kuuliza kiwango cha kelele: saketi nyingi za Uingereza hupima mlio kwa kipimo kinachowekwa nusu mita kutoka bomba la moshi, injini ikizungushwa hadi robo tatu ya mwendo wake wa juu, na gari linalozidi hurudishwa nyumbani bila ya kurudishiwa ada.

Kitu kimoja cha gari lazima nikae nacho kidogo, kwa sababu kinatuhusu sisi wa visiwani hata tusipoiona saketi maishani, nacho ni mafuta ya breki. Hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu haina uchache wa unyevu. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki mpaka yafike angalau nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 155. Kwenye mzunguko wa nne au wa tano wa nguvu, yale ya zamani huchemka ndani ya mabomba, mapovu huzuka, na pedali iliyokuwa ngumu asubuhi huzama chini ya mguu bila ya gari kupunguza mwendo. Kwa hiyo yabadilishwe kabla ya siku, na mzunguko wa mwisho wa kila kipindi uwe wa pole bila ya kugusa breki sana. Ukishaegesha, usivute hendibreki wakati breki zingali moto. Acha gari kwenye giya, au kwenye P kama ni la otomatiki.

Marafiki zako wa koni nimewaacha nyuma kwa makusudi, kwa sababu ukiipima siku yao kwa ile mizani ya mwanzo, inaweza kuzishinda nyengine zote. Kiwanja tambarare cha lami au zege, chenye upana wa kutosha na kisichokuwa na nguzo za taa, ukuta wala kingo za mawe, kikapatikana kwa ruhusa ya mwenyewe na polisi wakajulishwa, kinatosha kufundisha breki na usukani kwa giya ya pili tu. Gari moja liingie kwa wakati mmoja, watazamaji wakae upande mmoja na mbali, awepo mtu wa huduma ya kwanza na gari la kumkimbiza mgonjwa Mnazi Mmoja. Zoezi la kwanza liwe hili: njoo kwa kilomita 50 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu zako zote kwenye koni iliyotajwa, kisha huku mguu ungali chini, ipishe koni iliyo mbele yako. Pedali itatetemeka na kugonga chini ya soli ya kiatu, na karibu kila anayeisikia mara ya kwanza huinua mguu akidhani ameharibu gari. Hiyo ni ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasigande, inafanya kazi yake, na ndiyo inayokuruhusu kukata usukani huku unasimama. Mwenye kuinua mguu kwenye koni ndiye atakayeuinua mbele ya mtoto wa skuli pale Mwanakwerekwe. Wakikuambia wanataka kufanya hayo barabarani usiku kwa kuwa hakuna magari, waage, urudi nyumbani.

Kwa hiyo mpango wangu kwako ni huu. Fanyeni siku ya koni hapa kabla ya safari, mara mbili mkiweza, ili usende Uingereza kulipia mafunzo ya breki ambayo ungeyapata bure. Kwa kaka yako, omba nusu siku ya wageni yenye mkufunzi kwenye saketi pana, si lazima Silverstone, gari la kukodi, mwezi wa Mei au Juni ambapo mchana ni mrefu; Silverstone mwende pamoja siku nyengine, kila mmoja na kipindi chake, ukiwa tayari unajua macho yako yanatazama wapi. Dubai ibaki ya mwaka mwengine, wakati wa baridi yao.

Na kabla ya zile koni, inama uangalie ubavu wa tairi za Impreza yako. Zipo tarakimu nne za mwisho wa msimbo unaoanza na herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi nyingi za mitumba hufika kwetu zikiwa na kashata za kuvutia na mpira uliokwishakauka, na mpira mkavu haushiki hata ukiwa na kashata ndefu. Zikiwa zimepita miaka kumi, zibadilishe kwanza, mambo ya nauli yatafuata baadaye.